Tairi la Mbele Kushoto

Mlionifuata tangu upepo ulipolibeba paa la gereji yangu na kulitua kwa jirani asiyenipenda, mnajua kwamba mimi na bahati hatusalimiani. Kwa aliyefika leo, nafupisha.

Mimi ni fundi wa matairi. Nilioa, tukaachana. Mtalaka wangu akaolewa na muuza manukato, mtu mpole, msafi, ananukia mpaka mbwa wanampisha njia. Mimi namwita Manukato. Wao wananiita majina ambayo mhariri hatayachapa.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, anaolewa Jumamosi. Wiki iliyopita niliishia pale aliponiletea masharti. Atapelekwa ukumbini na gari jekundu la baba yake wa kambo, gari la spoti la milango miwili, na mimi nitakuwemo ndani. Nitakaa nyuma, kwenye kile kijisehemu wanachokiita kiti, magoti yakinigusa masikio. Lakini nitakuwemo.

Sharti lenyewe ni moja tu, na Anko ndivyo anavyomwita Manukato.

"Baba, usigombane na Anko mpaka nishuke kwenye gari. Ukigombana naye, utakuja ukumbini kwa miguu kama mgeni mwingine yeyote."

Nilikubali. Tangu niachane na mama yake, hicho ndicho kiti cha kwanza nilichopewa katika familia ile. Hata kingekuwa cha misumari ningekikalia.

Basi Alhamisi, jua likiwa kali, gari jekundu likaingia gereji.

* * *

Manukato alishuka taratibu, akafuta vumbi kwenye mlango kwa kitambaa, akakikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Ndipo akanisalimia.

"Habari za kazi, fundi. Binti yetu kasema nikuletee gari ulitazame kabla ya Jumamosi."

Binti yetu. Nikalimeza neno hilo bila maji.

"Lina tatizo gani?"

"Tatizo halina. Linavuma kidogo tu. Vuuuu, namna hiyo. Jaza upepo, paka matairi ile dawa yenu ya kung'arisha, basi. Matairi yenyewe mapya."

"Linavuta upande?"

"Kushoto, kidogo. Barabara zetu zimeinama."

"Zote?"

"Fundi, jaza upepo."

Niliyatazama matairi nikiwa nimesimama. Kweli, ukiyatazama umesimama ni mapya. Lakini gari limekaa chini kama kobe, tairi ni pana kama mkate wa duka zima. Unachokiona ni uso wa nje tu. Tumbo lake, pale panapokanyaga barabara, hulioni mpaka upige magoti, na watu wenye suruali nyeupe hawapigi magoti.

Nikaingiza mkono dirishani, nikazungusha usukani mpaka mwisho. Tairi la mbele kushoto likageuza tumbo. Nikapiga magoti, nikapitisha kiganja.

Kutoka ndani kuja nje, kiganja kiliteleza. Kukirudisha ndani, kikakwama, kama nimepapasa msumeno. Na kule mwisho kabisa, kwenye ukingo wa ndani, mpira haukuwepo. Palikuwa na waya. Moja ikanichoma kidole.

Nikaenda kulia. Zima. Nikaenda nyuma, yote mawili. Mazima.

Tairi huwa halifichi kitu, mradi ujue kulisoma. Likiliwa katikati, limeshindiliwa upepo. Likiliwa kingo zote mbili, lina njaa ya upepo. Magari haya ya chini chini hula kingo za ndani, lakini hula kushoto na kulia sawasawa, kwa adabu. Hili lilikuwa linakula kushoto peke yake.

Nilifunga nati kwenye uzi nikatengeneza timazi, nikaining'iniza mbele ya gurudumu la kulia, kisha la kushoto. La kulia limesimama vizuri. La kushoto kichwa chake kimeingia ndani, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu, nikachungulia chini kwa tochi. Ule mkono wa chuma wa chini unaolishika gurudumu ulikuwa umepinda, rangi imepasuka pale ulipopinda. Na rimu, kwa pembeni, ilikuwa na kiraka cha rangi mpya kuliko sehemu nyingine.

Nikainuka.

"Hili gari limegonga kitu."

Nakubali ningeweza kulizungusha neno. Mimi mdomo wangu hauna gia ya taratibu.

Manukato alicheka. "Gari hili? Halijagonga hata sisimizi."

"Limegonga ukingo wa barabara, kushoto, kwa nguvu. Mkono wa chini umepinda. Ndiyo maana tairi hili linakwisha na wenzake wapo."

"Nani kaligongesha? Ufunguo nalala nao."

"Sijasema nani. Nimesema limegonga."

"Yaani mimi mwongo."

"Yaani gari lako limepinda."

Kicheko kikamtoka usoni. Akanisogelea na ile harufu yake nzuri.

"Fundi, tuambiane ukweli. Huu ni wivu."

"Nilionee wivu tairi?"

"Harusi. Hutaki mtoto apelekwe na gari langu. Umetafuta tangu asubuhi neno la kusema, umelipata."

"Tangu asubuhi nilikuwa naziba pancha."

Akatoa simu. "Mke wangu, njoo hapa gereji. Ndiyo, ameanza."

Nikahisi magoti yangu yakitoka kwenye kile kiti cha nyuma, moja baada ya jingine.

* * *

Aliyetangulia kufika hakuwa mke wake. Alikuwa binti. Mama yake alishampigia simu, akaja mbio kutoka saluni ya mtaa wa pili, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti, taulo la watu bado liko mabegani.

"Shikamoo baba. Shikamoo Anko. Nani kamwanza mwenzake?"

"Marahaba," tulisema wote wawili, tukanyoosheana vidole.

"Anko, nakuomba, kanywe soda pale dukani. Nizungumze na baba."

Manukato alikwenda, lakini kila hatua akigeuka kulitazama gari lake lililoinuliwa mguu mmoja, kama mzazi aliyemwacha mtoto kwa daktari wa meno.

"Baba, uliahidi."

"Sijagombana. Nimemwambia gari limegonga."

Nilitegemea anifokee. Badala yake akaanza kuchezea ncha ya taulo. Mtoto huyu tangu akiwa mdogo, ukimwona anachezea kitu, jua kuna sahani imevunjika mahali.

"Ulikuwa wewe?"

"Ufunguo nilichukua mimi. Anko alikuwa anaoga. Tulitaka tu kwenda kupima gauni, tufike na gari zuri."

"Tulitaka. Wewe na nani?"

Akaikunja ncha ya taulo mara mbili.

"Mwenzangu," akasema. Maana yake bwana harusi.

"Na usukani alishika nani?"

"Alisema anajua."

"Anajua nini?"

"Kuendesha, baba."

"Na anajua?"

"Si unaona mwenyewe."

Nilitaka kucheka. Nikaikumbuka ile waya, kicheko kikarudi kilikotoka.

Akanishika mkono wenye grisi bila kujali. "Tulimpelekea mtu wa rangi akaifuta ile alama. Tukajua yameisha. Baba, Anko amempa heshima ya kuendesha gari hilo kutoka ukumbini, mimi na yeye. Amemwambia, 'Wewe sasa ni mwanangu.' Akijua leo, na mama akijua leo, hiyo Jumamosi itakuwa kilio. Tutamwambia wenyewe harusi ikipita. Mwambie umekosea."

"Nikosee tairi? Mimi?"

"Kwa ajili yangu."

Nimekosea mambo mengi maishani na mengi yameshapita kwenye ukurasa huu. Nimekosea biashara, nimekosea ndoa, nimekosea hata basi nikaamka mji mwingine. Tairi sijawahi. Ndicho kitu pekee ambacho mtu akibishana nami, anabishana akijua atashindwa.

Manukato akarudi. Mkononi alikuwa na soda mbili. Moja akanipa mimi.

"Chukua, fundi. Tusikorofishane siku za furaha."

Angekuja na matusi ingekuwa rahisi. Soda ilikuwa ya baridi kabisa.

"Bwana," nikasema, "nimekosea. Halijagonga. Huo mkono ndivyo ulivyotengenezwa."

Maneno yalinitoka kama mwiba wa samaki, kwa kukwaruza. Binti akashusha pumzi. Manukato akanishika mkono kwa mikono yake miwili, grisi ikamwingia mpaka kwenye saa, hakujali.

"Mwanaume anayekubali kosa namheshimu. Yameisha. Jumamosi utakaa nyuma yangu, tutapiga na picha."

Magoti yangu yakarudi kwenye kiti. Nilikunywa ile soda kwa mkupuo mmoja.

"Basi rudisha gurudumu," akasema, "niondoke. Kesho nampa mkwe alizoee kwenye barabara kuu. Alikanyage kidogo, ajue mwendo wake."

Soda ikanipalia.

"Barabara kuu? Na tairi hilo?"

"Tairi lina nini?"

"Limekwisha. Waya ziko nje."

"Si umesema umekosea?"

"Nimekosea habari ya kugonga. Tairi limekwisha."

Manukato akamtazama binti, akanitazama mimi. "Fundi, amua. Ulisema limekwisha kwa sababu gari limegonga. Sasa gari halijagonga. Limekwishaje?"

Hilo ndilo tatizo la mtu asiyezoea uongo, anasema mmoja anadhani kazi imeisha, kumbe kila uongo unataka msaidizi.

"Njoo uone mwenyewe," nikasema. Nikalilaza tairi chini, tumbo juu.

Aliinama kwa shida, akitunza suruali. Akaziona waya. Nilimwona akiziona. Akasimama.

"Huko ni ndani. Hakuonekani."

"Bwana, gari linapokwenda haliulizi kunaonekana au hakuonekani."

"Ni kuzoea kidogo tu, kesho, na kwenda ukumbini keshokutwa. Litafika. Tairi la upana huu unalo hapa?"

"Sina."

"Mjini lipo?"

"Mpaka liagizwe."

"Basi rudisha hilo hilo. Harusi haisubiri tairi."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa akinitazama kwa yale macho ya *ulikubali, baba*. Hakuelewa. Hakupitisha kiganja chake pale. Alichokuwa anakiona ni wazee wawili wanaoanza tena.

Katika kazi yetu tuna desturi. Tairi lililokufa halirudi mikononi mwa mwenyewe likiwa zima. Unalichana ubavu, ili asije mtu akalipaka dawa likang'aa na kurudi nalo barabarani. Wala huombi ruhusa. Unachana mapema, mwenyewe hajaanza kulionea huruma.

Nikafungua mdomo wa upepo. Tairi likapumua kwa muda mrefu, fyuuuu, likakaa kimya. Manukato alidhani napima upepo.

"Hapo sawa," akasema. "Usijaze sana."

Nikachukua kisu cha mpira, nikakipitisha ubavuni kutoka huku mpaka kule.

* * *

Sijui kama mmewahi kumsikia mtu mpole akipiga kelele. Hana mazoezi, kwa hiyo inatoka sauti yoyote.

"Amelichana! Amelichana tairi langu! Watu wote, njooni!"

"Nimelizika," nikasema.

"Huyu mtu mgonjwa! Ananipa mkono wa amani, ananichania tairi!"

"Baba!" Binti yangu hakupiga kelele. Alisema tu neno hilo, polepole, na nilisikia kiti changu kikiondoka.

"Najua," nikamwambia. "Nitakuja kwa miguu."

Hapo ndipo mtalaka wangu alipoingia, mkoba kwapani. Akasimama getini akalipanga jambo lote kichwani. Mimi na kisu. Mume wake kashika kichwa kwa mikono ya grisi. Mtoto wake na nusu ya nywele. Gari la harusi limesimama kwa magurudumu matatu kama mbuzi aliyeumia.

"Nilimwacha mmoja, nikaolewa na mwingine," akasema, "na bado nawakuta wote wawili gereji moja, mnalilia tairi."

Manukato akamweleza. Alieleza vizuri, bila kutia chumvi, mpaka ile soda aliitaja. Mama mtoto alisikiliza, kisha akanigeukia.

"Gari limegonga?"

"Nimemwambia mumeo halijagonga."

"Sikukuuliza umemwambia nini."

Nikatazama kisu changu. Kilikuwa kinahitaji kunolewa.

Alinikazia macho muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe. "Huyu nimeishi naye. Alimwambia mama yangu mzazi, mezani, kwamba mchuzi wake una chumvi ya kuhifadhia ngozi. Sijawahi kumwona anakaa na neno mdomoni. Leo analo. Kuna mtu anamfichia." Akageuka tena, polepole, mpaka akafika kwa binti.

Binti akaanza kuchezea taulo.

Naapa angejikaza. Anajikaza kuliko mimi. Lakini kwenye geti lile lile akatokea bwana harusi mwenyewe, anapiga mluzi, mikono imejaa riboni nyeupe za kupamba gari.

"Shikamooni wa..."

Akaliona gurudumu limetolewa. Akaniona mimi. Akamwona mama mkwe amesimama mikono kiunoni. Riboni zikamponyoka moja moja.

"Mama, nilitaka kusema! Niliapa nitasema! Ule ukingo haukuwa na rangi, na ile breki nilidhani iko upande mwingine!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Manukato alimtazama kijana, akalitazama tairi lililochanwa, akanitazama mimi. Nilijua anahesabu kichwani nani alimwambia nini na kwa nini. Alipomaliza kuhesabu, alionekana mzee kidogo.

"Mwanangu," akamwambia bwana harusi, "leseni unayo?"

"Naanza kusoma, Anko. Baada ya fungate."

"Haya." Hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye gari lake, akauchomoa ufunguo, akautia mfuko wa ndani, akaufunga kifungo. "Harusi ipo. Gari hili halipo. Litakaa hapa kwa fundi mpaka huo mkono unyooke, hata ikiwa mwakani." Akanigeukia. "Na wewe uliniambia umekosea."

"Niliambiwa nikosee."

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga."

Sikuwahi kufikiri angeweza kunipiga. Nikaanza kumpenda kidogo, jambo lililonikera.

Binti alikuwa amekaa juu ya matairi ya zamani, analia bila sauti. "Sasa nitafikaje? Magari yote mazuri ya mjini yamekodishwa. Jumamosi ni keshokutwa."

Mama yake akapiga hesabu zake. Macho yake yakazunguka gereji, yakatoka nje ya geti, yakatua ukutani, kwenye pikapu yangu.

"Ile ya nani?"

"Yangu."

"Inatembea?"

"Kila siku."

"Basi ioshe mpaka ikutambue. Uipambe hizo riboni. Utamleta mtoto wako mwenyewe, wewe kwenye usukani, yeye mbele, kando yako. Sisi tutafuata nyuma na teksi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nagombania kijikiti cha nyuma cha kukunjia magoti, na sasa napewa usukani. Mtoto wangu mbele kando yangu, mji mzima ukitutazama. Jicho likaniwasha. Nikasema ni vumbi la mpira.

Binti akainuka, akaja kunishika mkono. "Baba, nisamehe. Nilikwambia mambo mabaya."

"Hukuniambia mabaya. Uliniambia nitembee."

Akacheka huku analia. Hata bwana harusi akathubutu kuokota riboni moja.

"Ngoja kwanza," akasema Manukato.

Hakulisema kwa ubaya. Kwa ubaya ningelijibu. Alilisema kama mtu aliyeogopeshwa mchana huo kwa mara ya kwanza na kitu ambacho zamani hakukijua.

"Na mimi nimemlea. Kabla hajapanda, nataka kuuliza swali moja, na nataka nijibiwe na fundi, si na baba wa bibi harusi. Matairi ya pikapu yako yakoje?"

Wote wakanigeukia.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa vizuri kando ya ukuta. Uso wa nje wa matairi ulikuwa unang'aa, maana juzi nilijaribishia ile dawa mpya. Ni matairi manne ya wateja wanne tofauti. Ni yale ambayo kila moja, siku yake, nilishika kisu ili nilichane, nikalionea huruma, nikasema bado kidogo, nitalitumia mwenyewe. Matumbo yake hakuna anayeyajua isipokuwa mimi.

Na barabara ya kwenda ukumbini inashuka mlima.

Binti yangu alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akautikisa kidogo.

"Mjibu, baba. Wewe si ndiye unayejua?"

Nikafungua mdomo.